Adabu ya Tekla

Mwaka ule watu wa Temeke waligombana kwa kila kitu. Waligombania zamu ya bomba la maji, waligombania mipaka ya viwanja, waligombania hata kama mwezi umeandama au haujaandama. Jambo moja tu walikubaliana wote, wa pwani na wa bara: hapakuwa na mtoto mwenye adabu kumshinda Tekla, binti wa Bwana Leodegar.

Tekla hakuhitaji kukumbushwa. Anatembea zake njiani kwenda dukani, taratibu, mkono umeshika ukuta wa nyumba za watu, mara huyo chini: kachuchumaa, magoti kifuani, mikono imekumbatia miguu, kichwa kimeinama. Mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu alijiona ameheshimiwa.

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" walijibu, ijapokuwa mtoto hakusema shikamoo wala neno lingine lolote.

Muuza mkaa alijibu marahaba. Fundi baiskeli alijibu marahaba. Siku moja Tekla alichuchumaa mbele ya mbuzi wa Mzee Mwinshehe, na Mzee Mwinshehe, aliyekuwa kakaa mbali kidogo akijipepea kwa kofia yake, akaitikia kwa niaba ya mbuzi. Baadaye aliwaambia watu msikitini kwamba watoto wa Kikristo wa siku hizi wanalelewa vizuri kuliko wetu, na kuna wazee walirudi nyumbani wakawachapa wajukuu zao.

Sifa hizi zilimfikia Leodegar, naye hakuzikataa. Alikuwa karani wa bandarini, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, soksi ndefu mpaka chini ya magoti, baiskeli inayong'aa kuliko kioo cha bibi harusi. Alitoka Bukoba, na sentensi zake nyingi zilianza na neno "kwetu". Kwetu ndizi hazilingani na hizi. Kwetu mvua inanyesha kwa adabu. Kwetu msichana akimwamkia mkubwa anapiga magoti yote mawili, anatulia hapo, wala hainuki mpaka ajibiwe.

"Kwenu, kwenu," Bi Hamisa alimwambia. Huyu ndiye mwenye nyumba, mjane wa Kizaramo aliyeshinda barazani akisuka ukili wa mikeka huku ulimi wake ukifanya kazi ya pili. "Kwenu kuna nini kisichokuwapo hapa, Bwana Leo, isipokuwa baridi?"

"Kuna malezi, Bi Hamisa. Si unamwona Tekla?"

"Namwona. Lakini huyo kazaliwa hapahapa chumbani kwangu. Adabu yake ni ya Temeke."

Hapo ndipo walipokuwa wakigombana wao, na yalikuwa magomvi matamu, maana kila mmoja alikuwa akimgombania mtoto ambaye miaka michache nyuma hapana aliyemtaka. Tekla alipozaliwa mkunga alimtazama, kisha akatazama dari. Uso wake haukufanana na wa baba wala wa mama. Macho yamepanda kidogo pembeni, pua imelala, shingo fupi, na ulimi wenye tabia ya kutoka nje kutazama hali ya hewa. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, na hata sasa, mwaka wake wa saba, maneno yake yalikuwa machache naye aliyatumia kwa ubahili: mama, paka, hapana, bado. Siku hizi hali ile ina jina lake hospitalini. Wakati ule watu walikuwa na majina yao, na hayafai kuandikwa. Ila tangu mtoto aanze kuchuchumaa mbele ya watu, majina yale yalikufa moja moja. Nani atamtukana mtoto anayemwamkia?

Jambo la midomo nalo lilikuwa na maelezo yake. Midomo ya Tekla ilikuwa ya zambarau, na kucha zake vilevile. Nyuma ya nyumba ulikuwapo mzambarau, na Bi Hamisa alishakata shauri zamani: "Mtoto huyu atanimalizia zambarau zangu." Msimu ulikwisha, mti ukabaki majani matupu, midomo ikabaki vilevile. Bi Hamisa akasema basi ameficha akiba mahali.

Ndipo habari ikaja kwamba Ma Demetria anasafiri.

Ma Demetria alikuwa mama yake Leodegar. Miaka yote ile alikuwa anajua kwamba ana mjukuu mjini, msichana, mzima wa afya. Ndivyo mwanawe alivyompelekea salamu kila mtu alipokwenda Bukoba. Sasa jamaa mmoja aitwaye Audax, mfanyabiashara wa kahawa, alipita Dar es Salaam, akala chakula kwa Leodegar, akarudi kwao na kusema alichokiona. Mama hakungoja. Alituma neno kwa jamaa wa meli: naja kumwona mtoto, na nikimwona ni wa namna aliyosema Audax, nitarudi naye. Atakaa shambani na shangazi yake.

Leodegar alilielewa neno lile kuliko lilivyosemwa. Kijijini kwao, alipokuwa mdogo, palikuwapo nyumba ya jirani yenye kibanda nyuma, ndani kabisa ya migomba, mahali ambapo wageni hawapiti. Chakula kilipelekwa huko kwenye jani. Kuna mtu aliyekula chakula kile. Leodegar alimsikia akicheka mara nyingi, akamwona mara moja, akakua, akaenda shule, akaondoka, na hakupata kujua mtu yule anaitwa nani.

"Akimchukua Tekla," alisema Apolonia, mkewe, akikung'uta unga mikononi, "mie niko behewa hilohilo. Na sirudi."

"Hamchukui."

"Utamkatalia?"

Leodegar akavuta soksi zake juu. Katika maisha yake alikuwa amemkatalia mama yake jambo moja tu, uji wa ulezi, na hilo alilifanya kabla hajaota meno. Apolonia alilijua hilo vizuri. Ndiyo sababu aliuliza.

Lakini karani hakosi mpango. Mpango wa Leodegar ulikuwa huu: mama yake akiingia uani, Tekla atatoka mlangoni, atavuka ua na kikombe cha maji mikononi, atapiga magoti mbele ya bibi yake kama binti wa ikulu ya Mukama, mfalme wao, mgongo umenyooka, na atatulia hapo mpaka aitikiwe. Kikongwe wa Kihaya akiamkiwa namna ile na mtoto aliyezaliwa pwani, atasema nini tena? Sura ataisahau. Temeke nzima iliisahau.

Kasoro ilikuwa moja. Tekla alichuchumaa, hakupiga magoti. Na alichuchumaa anapotaka yeye, si anapotakiwa.

Basi mafunzo yakaanza, kila jioni karani anaporudi kazini. Tekla anasimamishwa mlangoni na kikombe. Anatembea. Akifika katikati ya ua, chini! Kachuchumaa, maji yamemwagika.

"Hapana, hapana. Magoti, Tekla. Si hivyo." Leodegar anamshika kwapa, anamsimamisha wima. "Rudi mlangoni. Tunaanza upya."

"Bado," Tekla anasema.

"Bado nini? Rudi."

Bi Hamisa aliyatazama haya kutoka kwenye ukili wake. "Bwana Leo, mtoto anaingia jeshi la keya? Mbona gwaride halina bendera?"

"Anajifunza, bibi."

"Anajifunza kukuchukia. Tazama anavyonuna, mpaka uso umekuwa mweusi."

"Ukaidi huo. Kwetu mtoto mkaidi..."

"Haya, tumerudi kwenu."

Jioni nyingine Tekla alikuwa hodari zaidi. Alifika karibu kabisa na kiti kilichowekwa badala ya bibi. Baba akafurahi, akampigia makofi, akamrudisha arudie, na akarudia, na baba akamrudisha tena. Safari hii alipotaka kuchuchumaa, Leodegar alikuwa ameshajiandaa. Alimdaka kabla magoti hayajakunjika, akamshikilia wima kwa mikono miwili, kwa upole, akisema, "Simama, mama yangu. Simama tu kidogo." Tekla alihema kama aliyekimbia kutoka Mbagala. Midomo ikawa rangi ya wino. Akamng'ata baba yake kidole gumba, kisha meno yakaachia, shingo ikalegea, na kikombe kikaanguka.

Apolonia alitoka jikoni akapiga kelele moja, ikatosha kuleta mtaa mzima. Bi Hamisa alikuwa wa kwanza kufika, ukili umemviringika miguuni. Walimlaza chini, mama akamkunja mapajani kama mtoto mchanga, magoti kifuani, kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea kumbembeleza. Kidogo kidogo mtoto akafumbua macho, akamtafuta paka.

Kesho yake asubuhi karani hakwenda bandarini.

Daktari wa hospitali ya mjini alikuwa Mzungu kijana mwenye masikio makubwa, jambo lililompa Leodegar imani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya kusikiliza. Alimwekea Tekla kifaa kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akafumba macho akasikiliza tena. Tekla alivumilia yote, kisha akamshika sikio. Daktari akamwachia.

"Huchuchumaa?" aliuliza, kwa Kiswahili chake kilichokuja kipande kipande. "Anapotembea?"

Leodegar alijinyoosha kwenye kiti. Kumbe sifa zimefika mpaka mjini. "Ndiyo, bwana daktari. Ni adabu. Kwetu Bukoba mtoto akikutana na mtu mzima..."

"Na akiwa peke yake?"

"Peke yake vipi?"

"Hapana mtu mzima. Hapana mtu yeyote. Anachuchumaa au hachuchumai?"

Leodegar akarudi nyuma kwa mawazo. Alimwona mbuzi wa Mzee Mwinshehe. Alimwona Tekla uani asubuhi, ukutani, hana wa kumwamkia ila kuta.

"Anachuchumaa," alisema Apolonia.

Daktari akaeleza, mwuguzi wa Kiafrika akimsaidia pale maneno yalipomwishia. Moyo una vyumba, na kati ya vyumba vya Tekla ukuta una tundu. Njia ya kupeleka damu mapafuni nayo imebana. Kwa hiyo damu iliyopata hewa na isiyopata zinachanganyika, na mwili unapewa chakula nusu. Ndiyo rangi ile ya midomo. Watoto wenye sura kama ya huyu, wengi wao huzaliwa na moyo wenye kasoro. Si kosa la mama, si kosa la baba, wala mtu hakumtazama vibaya. Akitembea kidogo anaishiwa. Akichuchumaa, damu inarudi kwenye njia yake, anapata nafuu.

"Nani alimfundisha?" aliuliza mwuguzi.

"Hakuna," alisema Apolonia.

"Wote hujifunza wenyewe," alisema daktari. "Kwa nini inasaidia hasa, madaktari wakubwa wanabishana. Lakini inasaidia. Msimzuie. Msimsimamishe. Akikaa chini, ngojeni. Atainuka mwenyewe."

"Na dawa?"

"Hiyo ndiyo dawa."

Leodegar aliuliza kama hakuna kingine. Daktari akasema huko Ulaya wameanza kupasua vifua vya watoto na kutengeneza njia nyingine ya damu. Wengine wanapona, wengine hawaponi. Hapa hapana mtu wa kuifanya kazi hiyo, na huko hawatampokea mtoto wa namna hii kutoka mbali namna hii. Alilisema hilo huku akikunja kifaa chake mfukoni, wala hakulipaka sukari. Kuhusu miaka ya mtoto hakusema kitu, nao hawakumwuliza.

Msomaji aliyekuja hapa akitazamia mtoto apone, basi: Tekla hakupona. Alirudi nyumbani amekaa kwenye keria ya baiskeli, baba anakokota, mama anashikilia, na kila walipopita, watu walimsifia mtoto aliyekaa vizuri.

Bi Hamisa aliambiwa habari yote barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Kwa hiyo," alisema, "ile siku aliyonichuchumalia pale mlangoni, nikampa kashata kwa kuniamkia vizuri..."

"Alikuwa anatafuta pumzi, bibi."

"Hakuniamkia?"

"Hapana."

Bi Hamisa alisuka kidogo. Akafumua alichosuka, kilikuwa kimekwenda upande. "Zambarau nazo hakula?"

"Zambarau alikula," alisema Apolonia. "Hizo alikula."

"Afadhali," alisema Bi Hamisa, akainuka kwenda ndani kuleta kashata nyingine.

Mpango wa karani sasa ulikuwa umekufa, na treni ilikuwa imeshaondoka Mwanza.

Ma Demetria alishuka stesheni kama mtu aliyekuja kuikagua. Mwanamke mrefu, gauni limeshuka mpaka kwenye vifundo, mwavuli mweusi mkononi hata penye kivuli. Alileta kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba, na kikapu cha senene waliokaangwa, ambao Bi Hamisa aliwatazama kwa heshima ya mbali.

"Panzi hawa?"

"Senene," alisema Ma Demetria.

"Na wanaliwa na watu wazima?"

"Wanaliwa na wenye bahati."

"Mie bahati yangu nishaipata, ahsante," alisema Bi Hamisa, na kuanzia hapo wanawake wale wawili walielewana vizuri kabisa, kwa maana kila mmoja alijua mwenzake si wa kuchezewa.

Kiti kiliwekwa uani. Ma Demetria akakaa, akanyoosha gauni juu ya magoti, akangoja. Apolonia akamtoa Tekla mlangoni. Hakuna kikombe. Tekla alivuka ua mpaka katikati, akamwona mgeni, akamwona mwavuli, akavutiwa na mwavuli kuliko mgeni, akachuchumaa akiutazama. Bibi alingoja magoti. Yalikuwapo magoti, ila yalikuwa kifuani mwa mwenyewe.

"Hajafundishwa?" aliuliza Ma Demetria.

Hapa palikuwa pa kusema. Leodegar alikuwa ameyapanga maneno tangu stesheni, tena kwa Kihaya safi.

"Amechoka, mama," alisema.

Apolonia akageuka akaingia jikoni, na sufuria zikasikika.

Kwa kweli alimweleza mama yake baadaye, wakati wa chakula. Alimweleza tundu, alimweleza njia iliyobana, alimweleza maneno ya daktari yote. Ma Demetria alisikiliza huku akichambua mwiba wa samaki wa baharini, kitu ambacho hakukizoea na hakukipenda.

"Daktari kasema apumzike," alisema mwisho.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Kwetu atapumzika. Hapa ni vumbi na makelele, kila mtu anamtazama. Kule nyuma, kwenye migomba, nani atamsumbua? Shangazi yake atampelekea chakula. Nitaondoka naye."

Leodegar akaona ajabu: habari aliyoitegemea kumwokoa mtoto ndiyo imefunga mzigo wake. Na mama yake hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akisema zamani, njoo nikufunge kidonda. Kule nyuma. Alimsikia yule mtu wa kwenye kibanda akicheka.

"Tutaona, mama," alisema.

"Umeshaona," alisema Ma Demetria. "Nipe chumvi."

Apolonia hakugombana. Alifua nguo za Tekla, na alipomaliza akafua za kwake, akazianika pamoja kwenye kamba moja. Leodegar alipita chini ya kamba ile kila alipokwenda bombani.

Jumapili walikwenda kanisani. Apolonia alikuwa amewahi misa ya kwanza apate kupika. Leodegar alitaka kumpakia Tekla kwenye baiskeli, lakini mama yake alikataa: mtoto wa Kikristo haendi kwa Mungu amefungwa nyuma kama mkungu wa ndizi. Atatembea. Basi baiskeli ikabaki imeegemea ukuta. Kwenda walifika bila shida kubwa, maana walikwenda na kundi la mwalimu Gozbert, Mhaya mwenzao, kundi lililokuwa likipiga hadithi na kusimama kila mahali, na Tekla akachuchumaa humo katikati kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

Baada ya misa Wahaya walikusanyika nje ya kanisa, kama kawaida yao, kuulizana za nyumbani. Ma Demetria akawatangazia. Anaondoka wiki hii, na mjukuu anaondoka naye. Mwalimu Gozbert akasema ni jambo la busara. Mwingine akasema hewa ya Bukoba ni dawa. Wote walimtazama Leodegar wakimpongeza, naye akatabasamu tabasamu la karani aliyeulizwa shehena iko wapi.

Kurudi walikuwa watatu. Jua lilikuwa limesimama, mchanga unaunguza. Ma Demetria mbele na mwavuli wake, Leodegar nyuma, mkono wa Tekla ndani ya wake. Aliusikia mkono ule ukianza kuvuta kwenda chini. Akasimama. Tekla akachuchumaa pale pale, katikati ya njia, magoti kifuani.

Ma Demetria aligeuka. "Nini tena?"

"Anapumzika, mama."

"Hapa? Watu wa kanisani wanakuja nyuma. Mwinue."

Leodegar aliinama. Mikono ilikuwa imeshazoea kazi. Ilikwenda yenyewe mpaka kwapani mwa mtoto. Akahisi mbavu zikipanda na kushuka, haraka haraka, kama za ndege aliyekamatwa. Alama ya meno ilikuwa bado ipo kwenye kidole chake gumba. Akaitoa mikono.

Kisha karani yule wa soksi ndefu akakunja kaptula yake iliyopigwa pasi na kuchuchumaa mchangani kando ya binti yake. Hakuwa amechuchumaa njiani tangu utotoni, magoti yalilia.

"Leodegar!"

"Tangulia, mama. Sie tunakuja."

"Nitangulie? Mie? Nikuache umekaa njiani kama kuku?"

"Ndiyo, mama."

Kundi la kanisani likafika. Mwalimu Gozbert alipunguza mwendo, akatazama, akaona si pa kuuliza, akavua kofia akaipita familia ile kama watu wanavyopita msiba. Ma Demetria akaufungua mwavuli uliokuwa umeshafunguka tayari, yaani aliufunga na kuufungua tena kwa hasira, akaondoka. Hatua zake zilikuwa ndefu. Hakugeuka nyuma.

Tekla alichora mstari mchangani kwa kidole. Leodegar alichora wa kwake kando.

"Twende?" aliuliza baadaye.

"Bado."

Wakakaa. Mbele huko njia iliingia kwenye mikorosho, na hapo iligawanyika: moja inakwenda Temeke, nyingine inapotelea kwenye mashamba ya minazi. Asubuhi Ma Demetria alipita pale akiwa na watu na mazungumzo, hakuziangalia. Kundi la mwalimu Gozbert lilikuwa limeshakata kushoto kwenda kwao kabla ya hapo. Leodegar, kutoka chini pale alipokuwa, alimwona mama yake akifika panapogawanyika, akatazama huku, akatazama huku, mwavuli ukageuka nao. Akasimama.

Alikuwa mtoto wa mama yule miaka yote. Miguu yake ilitaka kuinuka ikimbie. Aliizuia. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kubeba magunia, na yeye hata magunia hakupata kuyabeba, aliyaandika tu.

Tekla alipotaka, aliinuka. Rangi ya midomo ilikuwa imerudi kwenye ile ya kila siku. Walitembea taratibu, wakachuchumaa tena chini ya mkorosho wa kwanza, wakaendelea, na Ma Demetria muda wote ule amesimama mahali pamoja juani, kama kibao cha njia kisichoandikwa kitu.

"Mmechelewa," alisema walipofika.

"Ndiyo, mama."

"Nimesimama kwa ajili ya mtoto."

"Ndiyo, mama. Ndivyo tunavyofanya hapa."

Ma Demetria alimtazama mwanawe kama anayetafuta mahali palipopasuka. Leodegar alikuwa na mchanga kwenye kaptula, na soksi moja imeshuka.

"Haendi Bukoba," alisema. "Anakaa hapa, na mama yake, na mie. Akikaa njiani, tutakaa naye. Kule nyuma hakai mtoto wangu."

"Nani kasema?"

"Mie nimesema."

"Na watu nimeshawaambia. Mbele ya kanisa."

"Utawaambia tena. Utasema Leodegar amekataa."

Yule mama alifunga mwavuli. Alifungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa la Kihaya, refu, la haraka, na lilihusu uji wa ulezi na watoto wanaojifanya wakubwa kabla ya meno. Leodegar alisikiliza lote amesimama wima. Tekla, aliyeona mazungumzo ni marefu, akachuchumaa.

Wakamngoja wote wawili, hata bibi yake.

"Njia ni ipi?" aliuliza Ma Demetria mwishowe, bila kumtazama mtu.

"Hii, mama. Ya kulia."

"Basi tangulieni nyie. Mie nafuata."

Wakatangulia. Nyuma yao alikuja kikongwe na mwavuli wake, akinung'unika tangu kwenye mikorosho mpaka mlangoni kwa Bi Hamisa: jua hili, mchanga huu, nchi gani hii isiyo na kilima hata kimoja cha kumpa mtu upepo. Kila Tekla alipokaa chini, manung'uniko yalisimama naye. Kila alipoinuka, yakaendelea pale yalipoishia.